Yurti yangu Luchelele: "Hapa si Mongolia, dada"

Hasira hii nimekaa nayo wiki kadhaa, leo naitoa.

Kiwanja changu hapa Luchelele, Mwanza, ni mawe matupu. Ukitaka msingi, pasua mwamba, na hela hiyo sina. Yurti, ile nyumba ya duara ya Wamongolia yenye kuta za fito, inakaa juu ya jukwaa la mbao, basi nikaona nitalala humo na vyerehani vyangu viwili vitapata mwanga. Majirani wanaiita msonge, na wako sahihi.

Sasa huyu fundi. Kuta za fito alizisuka vizuri, haki yake simnyimi. Lakini paa la yurti linasukuma kuta kwenda nje, na kinachozizuia ni mkanda mmoja tu unaozunguka ukuta kwa juu. Nilimwambia aweke waya wa chuma. Akafunga kamba ya nailoni. Nikamwonyesha picha kwenye simu, Wamongolia wanavyozungusha mikanda ukuta mzima. Akanijibu mbele ya vibarua wake: "Hapa si Mongolia, dada. Wewe shona nguo."

Mvua kubwa ya kwanza ikatoka ziwani usiku. Nailoni ikilowa inalegea! Nikasikia fito zinalia, kek, kek, upande wa mlangoni. Kumulika tochi, lile duara la juu linaloshika miti ya paa limelala upande na miti mitatu ya paa imechomoka kwenye matundu yake. Maji yakaingilia hapo hapo, juu ya gauni la bibi harusi wa Jumamosi. Nililikumbatia chini ya meza hadi alfajiri.

Nikampigia. Akasema ni upepo. Hata pole hakuniambia, jamani, pole tu!

Nilitaka kuwaandikia msijenge yurti. Nafuta. Kijana anayeunda mitumbwi pale mwaloni alikuja na waya. Wenzake wawili wakalisukuma duara kwa mirunda, yeye akakaza kidogo kidogo hadi likakaa sawa. Mvua zimepiga tena, ndani pakavu. Asubuhi mwanga unashuka toka juu mpaka kwenye tundu la sindano. Yurti naipa nyota tano, na sihami.

Fundi, sifuri. Au moja, kwa zile fito. Hapana, sifuri.

Jana kanitumia ujumbe anadai salio lake. Nitamlipa, ni jasho lake. Ila aje alichukulie hapa, asimame chini ya huo waya, aniombe radhi mbele ya vibarua wale wale.