Fomu za Django: nazikubali sana, ila kwenye clean() tumieni .get()

Wadau wa Python, kwa kukagua data anazojaza mtumiaji mi bado sijaona kitu cha kuzifikia fomu za Django (fremuweki ya Python ya kutengenezea tovuti), na kazi za wateja wangu karibu zote nazifanya humo. Ila kuna kona moja inaangusha watu kila siku, cleaned_data, ile dict ambamo Django inaweka data zilizopita ukaguzi.

Chukulia fomu ya kubuku chumba gesti, ina tarehe_kuingia na tarehe_kutoka. Mteja kaandika 31/02 kwenye kuingia, Django inaikataa, safi kabisa, lakini hiyo kii (key, yaani jina la sehemu) haibaki tena ndani ya cleaned_data na clean() yako, ile function unayoandika kukagua sehemu kwa pamoja, inaitwa vilevile! Sasa kama umeandika cleaned_data['tarehe_kuingia'] unakula KeyError (kosa la kii kukosekana), na mteja badala ya kuambiwa arekebishe tarehe anakutana na Server Error 500 anaondoka zake.

Andika hivi:

kuingia = cleaned_data.get('tarehe_kuingia')
kutoka = cleaned_data.get('tarehe_kutoka')
if kuingia and kutoka and kutoka <= kuingia:
    self.add_error('tarehe_kutoka', 'Tarehe ya kutoka iwe baada ya kuingia')

Hiyo if msiiruke jamani, maana .get() ikikosa kii inarudisha None, na None ukiilinganisha na tarehe unapata TypeError, yaani umehamisha tatizo tu. Kwa namba wekeni "is not None" kwa sababu 0 nayo Python inaihesabu kama hamna kitu.

Halafu kuna hii ambayo mi ndo naiogopa zaidi kwa vile haipigi kelele: .get('watoto', 0), hiyo 0 ikiwa ni ya kurudishwa kii ikikosekana. Sehemu ya namba isiyo ya lazima ikiachwa wazi, kii ipo ila thamani yake ni None, kwa hiyo ile 0 yako haitumiki kabisa.

Kwa wanaosoma request.POST (data ghafi za fomu kutoka brauza) moja kwa moja, checkbox isiyotikiwa brauza haiitumi kabisa, so hapo pia ni .get(), na kama ni chaguo nyingi chukua getlist() maana .get() inakupa la mwisho tu.

Flask, fremuweki nyingine ya Python, hapa imewazidi Django kidogo, request.form['jina'] ikikosekana inajibu 400, kosa la ombi, seva haionekani imekufa. Django nawapa nyota 4 kati ya 5. Nyaraka zao mfano wa clean() unatumia .get() vizuri tu, ila onyo lenyewe wangeliandika kwa herufi kubwa pale juu, wanaoanza wanalipita.