Kichupa cha elfu 90 na paja langu la kushoto

Plasta ngumu ya mguu ilipofunguliwa, paja langu la kushoto lilikuwa sentimita 46, la kulia 50. Nilipima kwa futikamba ya cherehani, shubiri moja juu ya goti. Kwa uchungu ule nikanunua kichupa cha kupuliza chini ya ulimi, dondoo ya pembe changa za kulungu, mililita 30, shilingi 90,000. Kijana wa dukani akaniambia, "Dada, hii ni IGF-1 yenyewe, mwezi hauishi msuli umerudi."

Pampu haivuji, ladha ni ya mnanaa. Kibandiko kimeandika IGF-1 kwa herufi za dhahabu, lakini kiasi chake hakikutajwa popote.

Nafundisha bayolojia, nami nilipaswa kutulia kwanza. IGF-1 ni homoni inayochochea seli, zikiwemo za msuli, kukua; ni protini yenye asidi amino 70: kubwa mno kupenya kirahisi chini ya ulimi, na ukiimeza, tumbo linaisaga kama linavyosaga maharage. Hata ile inayotengenezwa na ini letu haizururi kwenye damu. Ziko protini 6 zinazoidaka, ziitwazo IGFBP. Sehemu kubwa hushikwa na ya tatu, IGFBP-3, na hapo hudumu saa nyingi. Ikiachwa peke yake hutoweka ndani ya dakika chache. Msulini nako kuna za kwake. IGFBP-4 huikamata isiifikie seli, mpaka kije kimeng'enya kiikate hiyo IGFBP-4 ndipo iachie. IGFBP-5 nayo imejaa humo, na kazi yake hubadilika kulingana na hatua ambayo seli ya msuli imefikia katika kukua.

Kwa hiyo swali ni nani kaishika, wapi, na anaiachia lini. Muuzaji anayekuambia "ongeza IGF-1" na kunyamaza kuhusu hao washikaji amekuuzia nusu ya habari, na hilo limeniuma kuliko hela.

Nilipuliza wiki 4 bila mazoezi: sentimita 46 vilevile. Nikakiacha, nikaanza kuinua mguu wenye kifuko cha mchanga asubuhi na jioni, na kuchuchumaa huku nimeshika kitasa cha mlango. Msuli unapobebeshwa uzito hutengeneza IGF-1 yake mwenyewe, palepale. Baada ya wiki 8, sentimita 48 na nusu.

Nakipa nyota 1. Wanaoshindana riadha wakae nacho mbali kabisa, maana IGF-1 imekatazwa na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zilizopigwa marufuku michezoni. Na ujue kwamba kikishafunguliwa duka halirudishi hela; elfu 90 hiyo ingenilipia nauli ya kliniki ya mazoezi ya viungo miezi miwili.