Ukuta wa GB 2 kwenye Unix ya zamani: kubana au kukata vipande?

Mifumo mingi ya Unix (mfumo endeshi wa kompyuta) ya biti 32 ilihesabu nafasi ndani ya faili kwa namba yenye alama (ya chanya au hasi), kwa hiyo faili likifika baiti 2,147,483,647 linagota. Diski iwe na nafasi tele, haisaidii. Solaris, Unix ya kampuni ya Sun, ilivuka ukuta huo kwenye toleo la 2.6, mwaka 1997, lakini programu zilizokompailiwa kizamani ziliendelea kugota palepale.

Njia ya kwanza ni kubana data ikiwa njiani. Unaunda bomba lenye jina (linaonekana kama faili, lakini hupitisha data tu kutoka programu moja kwenda nyingine) kwa `mknod bomba p`, unaanzisha gzip, programu ya kubana, kwa `gzip < bomba > data.gz &`, kisha unaiambia programu iandike kwenye `bomba`. Yenyewe inadhani ni faili tu. Ukisahau kuanzisha gzip, programu inaganda kimya bila hata ujumbe wa kosa (hapo ndipo wengi hupoteza saa nzima). Maandishi matupu hunywea sana. Picha zilizokwisha kubanwa hazipungui kitu, na ukuta unakungoja upande wa pili.

Ya pili ni `split`, inayokata data vipande bila kujali aina yake (`tar` hapa inakusanya mafaili yote kuwa mkondo mmoja):

`tar cf - data | split -b 1000m - data.`

Unapata data.aa, data.ab na kuendelea. Kurudisha ni `cat data.?? | tar xf -`. Usiviunganishe kwanza diskini, utagota tena.

Mimi huzichanganya:

`gzip < bomba | split -b 1000m - data.gz. &`