Minyoo kwenye tangi la samaki: ununue nini Mtwara, na kipi ukiache dukani

Kabla hujatoa hela, zima taa usiku, acha samaki watulie, kisha mulika kioo kwa tochi ya simu. Vinyuzi vyeupe vinavyojinyonganyonga majini ni minyoo ya uchafu. Hawadhuru samaki, wanakula mabaki ya chakula. Ukiona kitu kinateleza juu ya kioo bila kujikunja, kichwa pembetatu, macho mawili kama nukta za kalamu, hiyo ni planaria. Usiikate wala kuiponda, maana kipande kinaweza kuota mnyoo mzima.

Namba moja kwangu si dawa. Ni mpira mwembamba wa plastiki angavu, mita mbili, kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Weka ndoo chini, pitisha mpira kwenye changarawe, unyonye uchafu wote. Toa kama robo ya maji kila wiki, rudisha ya bomba yaliyolala usiku kucha kwenye ndoo wazi ili klorini itoke. Na chakula upunguze! Tunalisha samaki kama tunalisha bata. Minyoo ya uchafu hupungua yenyewe.

Namba mbili ni mtego, na huu hauna gharama: kichupa cha plastiki kilichotobolewa kwa sindano ya moto, ndani kipande cha dagaa. Zamisha jioni. Asubuhi, kuchele, kitoe kabla planaria hawajarudi mchangani. Hawamaliziki wote, ila wanapungua.

Namba tatu ni fenbendazoli, ile dawa ya minyoo ya mbuzi. Hii ndiyo inayoua planaria kweli, na haidra pia, kile kidudu cha majini chenye mikono kama nyuzi. Soma jina kwenye kopo, usikubali "dawa ya minyoo" tu. Mimi nilishapewa levamisoli. Hiyo ni ya minyoo ya mviringo, na planaria ni mnyoo bapa, kwa hiyo waliendelea kuteleza kiooni kana kwamba nimewamwagia chai. Kipimo cha tangi ni miligramu, si kijiko, basi mwambie muuzaji lita zako akupigie hesabu kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kopo. Konokono watoe kwanza, baadhi hawaivumilii. Minyoo ikifa inaoza, hivyo badilisha maji mapema.

Chumvi naiweka ya nne, ingawa huku kwetu Lindi na Mtwara inavunwa pwani na ni rahisi. Inasaidia kwa ugonjwa wa madoa meupe, gramu 1 hadi 3 kwa lita, lakini planaria kwa kiasi hicho wala haistuki, na mimea mingine inanyauka.

Ya mwisho kabisa ni chupa ya dawa isiyotaja kilichomo. Niliinunua mara moja. Kulipokucha kamba wangu wote walikuwa wamelala ubavu. Dawa nyingi za samaki zina shaba, na shaba haimwachi kamba wala konokono. Planaria mmoja alikuwa bado kiooni.