Nyumba ya shamba ya Kiingereza kando ya ziwa: mapitio ya nyumba moja ya wageni karibu na Mwanza

Nyumba ya wageni ninayoizungumzia ipo kando ya Ziwa Victoria, nje ya jiji la Mwanza kwa upande wa barabara ya Musoma, na inajinadi kuwa ni nyumba ya shamba ya Kiingereza ya zamani iliyojengwa upya Usukumani. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa nina mengi ya kuikosoa na mwenyewe bado anaendelea kujenga. Huduma ni nzuri: vyumba ni safi, maji ya moto hayakatiki, sato anayepikwa ni wa siku hiyo hiyo, na shilingi 120,000 kwa chumba cha watu wawili pamoja na chai ya asubuhi si bei ya kulalamikiwa. Lakini mgeni aliyevutwa na tangazo la usanifu ana haki ya kuuliza ni kitu gani hasa kilichoigwa.

Kwa mbali nyumba inapendeza. Paa limeinuka sana, kuta ni nyeupe, na juu ya weupe huo zimepita boriti nyeusi, nyingine wima na nyingine mshazari. Ukisogea na kuzigonga kwa kidole, unagundua kwamba ni mbao nyembamba zilizopigiliwa misumari juu ya ukuta wa tofali za saruji na kupakwa rangi ya mafuta, hazibebi chochote. Katika nyumba za wakulima wa kusini mwa Uingereza za karne ya 15 na ya 16, boriti ndizo nyumba yenyewe. Fremu ya mwaloni, mti mgumu uliochongwa ungali mbichi, ilisimamishwa kwanza, kila ulimi ukaingizwa katika tundu lake na kukazwa kwa kigingi cha mbao, kisha nafasi kati ya nguzo zikajazwa fito zilizosukwa na kukandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na samadi ya ng'ombe. Aliyewahi kukandika nyumba Magu au Kwimba anaijua kazi hiyo bila kufundishwa. Hata weusi wa boriti, unaodhaniwa kuwa alama ya kale, kwa sehemu kubwa ni mtindo wa karne ya 19. Mahali pengi mwaloni uliachwa ugeuke kijivu kwa jua na mvua, au ulipakwa chokaa pamoja na ukuta.

Fremu ya namna hiyo ina faida ambayo ukuta wa saruji hauwezi kuwa nayo. Nyumba ya shamba iitwayo Bayleaf, iliyokuwa Chiddingstone katika jimbo la Kent, ilikuwa imezwe na maji ya bwawa jipya la Bough Beech. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mafundi waliifungua kipande kwa kipande, na baadaye ikasimamishwa tena Singleton, Sussex Magharibi, katika makumbusho ya majengo ya Weald and Downland yaliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nyumba yetu ya kando ya ziwa, maji yakipanda, itabaki kuwa kifusi.

Ukumbini kuna meko makubwa ya tofali yenye dohani inayotokeza juu ya paa. Mhudumu alinieleza kwa adabu kwamba hayajawahi kuwashwa, na mimi sioni ni usiku gani wa Mwanza utakaoyahitaji. Pia ni makosa kudhani kwamba meko ya ukutani ndiyo asili ya nyumba hizi. Zile za zamani zaidi hazikuwa na dohani: moto uliwaka sakafuni, katikati ya ukumbi ulio wazi hadi paani, moshi ukajitafutia njia, na hadi leo wachunguzi wa majengo hupanda darini kutafuta masizi kwenye mapaa kama ushahidi wa umri. Dohani zilipoenea, hasa kuanzia karne ya 16, ndipo ukumbi ulipoweza kukatwa kwa sakafu ya juu na kupata ghorofa. Mwanahistoria W. G. Hoskins aliona kwamba kati ya 1570 na 1640 sehemu kubwa ya nyumba za vijijini Uingereza zilijengwa upya au kugeuzwa.

Paa nalo limeiga mwinuko bila sababu ya mwinuko. Nyasi na majani ya ngano huhitaji paa lililosimama sana, ili maji ya mvua yateleze kabla hayajapenya. Bati halihitaji hivyo. Hapa tumepewa gharama ya paa refu pamoja na kelele ya bati, na anayelala ghorofani usiku wa mvua za vuli asitegemee usingizi.

Kilichonifurahisha ni msingi. Umejengwa kwa mawe ya granaiti yaliyopasuliwa kwa nyundo na wachonga mawe wa huku huku, umeinuliwa karibu hadi kiunoni, na viungo vyake ni safi kiasi kwamba nilikaa barazani muda mrefu nikiutazama badala ya kutazama ziwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo fundi alipoifikia nyumba ya Kiingereza, huenda bila kukusudia. Mkulima wa Kent alijenga kwa mwaloni kwa sababu msitu ulikuwa jirani. Wa Cotswolds alitumia mawe ya chokaa yaliyochimbwa karibu. Wa Devon, udongo mtupu ulioshindiliwa pamoja na majani makavu. Kusafirisha vitu vizito kulikuwa ghali, kwa hiyo nyumba ilitoka katika ardhi iliyoikalia. Mwanza ina mawe ya kutosha hadi yamesimama katikati ya mitaa, na kama kuta zote zingeendelea kwa granaiti hadi kwenye boriti za paa, nisingekuwa na neno. Juu ya msingi huo, kwa bahati mbaya, kuna plasta ya saruji na rangi ya mafuta, ambayo upande wa ziwani imeanza kuvimba na kubambuka kwa unyevu.

Anayetaka kuona undugu halisi wa nyumba ya mkulima wa kule na ya huku asimame njiani Kisesa, aingie Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yaliyoasisiwa na Padri David Clement, ambako hata kanisa limejengwa kwa umbo la duara.

Kwa atakayekwenda kulala: omba chumba cha chini kwenye baraza ya mawe, kwa kuwa ni cha baridi mchana na kelele za bati hazikifikii sana. Chai ya jioni na mikate yake ya siagi unaweza kuiacha. Agiza sato wa kuchoma, na uagize mapema, maana jiko ni dogo na mpishi ni mmoja.