Vijiti vinne, intaneti hakuna: mwezi mmoja na simu ya laini mbili

Niseme mapema: humu hamna habari za kamera. Anayetaka kujua picha za usiku zinatokaje aulize kwingine. Mimi simu naitumia kama ruta. Nahariri nyaraka za watu, mafaili yanakuja mazito na yanaondoka mazito, na kompyuta yangu haijui mtandao mwingine zaidi ya ule unaotoka kwenye simu. Kwa hiyo niliponunua hii, ya Android, laini mbili pamoja na eSIM (laini isiyo na kadi, unayoishusha kwa intaneti), nilikuwa na shida moja tu: nikiiweka mezani asubuhi, intaneti iwepo mpaka jioni. Jina la aliyeitengeneza naliacha, maana mengi niliyoyakuta utayakuta hata kwenye simu ya jirani yako.

Tuanze na kitrei cha laini. Kina nafasi mbili, na ya pili inagombaniwa: ama uweke laini ya pili, ama memori kadi. Boksi limeandika "laini mbili" na "memori kadi" kwa herufi zile zile nono. Neno "au" nimelitafuta mpaka chini ya boksi, sijaliona. Nikaiacha memori kadi. Na kama una laini ya zamani uliyoipunguza kwa mkasi, usiitie humu. Mimi niliwahi kukata ya kwangu hadi kufikia saizi ya nano, milimita 12.3 kwa 8.8, nikajiona fundi. Nilichosahau ni unene: nano ni milimita 0.67, wakati zile kubwa ni 0.76. Hiyo tofauti ambayo jicho haliioni ndiyo iliyoigandisha laini ndani ya simu niliyokuwa nayo kabla ya hii. Safari hii nilikwenda kubadilishiwa, nikapewa mpya.

Laini ya kwanza ilipanda yenyewe. Hapa simu inastahili sifa. Inasoma tarakimu za mwanzo za namba iliyomo ndani ya laini, tatu za nchi na mbili au tatu za kampuni, inaangalia kwenye orodha iliyotoka nayo kiwandani, halafu inajaza APN, jina la mlango wa intaneti wa kampuni hiyo, bila kukuuliza chochote. Kabla sijamaliza kuchagua lugha, intaneti ilishafika.

Laini ya pili ndiyo iliyonitoa jasho. Ni ya kampuni ndogo isiyo na minara yake yenyewe, inapanga kwenye minara ya kampuni kubwa. Bando lake linanifaa kwa mafaili makubwa, ndiyo maana niliitaka simu ya laini mbili. Nikaiweka, vijiti vinne vikasimama. Nikapiga simu, ikaita. Nikatuma meseji, ikafika. Nikafungua kivinjari: ukurasa mweupe, kiduara kinazunguka, kinazunguka, basi.

Wengi wanaamini vijiti vikijaa intaneti ipo. Vijiti vinakwambia jinsi simu inavyousikia mnara, hakuna zaidi. Data inahitaji mlango wake, na jina la mlango huo ndilo APN. Ukibisha mlango wa mwenzio hufunguliwi, hata kama umesimama chini ya mnara. Simu yangu ilikuwa imeona tarakimu za mwenye minara, ikaweka APN ya mwenye minara, ikatulia kana kwamba kazi imekwisha. Haikuandika hata neno moja kwamba imekataliwa.

Nikapiga huduma kwa wateja.

"Ndugu mteja, zima simu, hesabu mpaka kumi, iwashe."

"Nimeshafanya, dada."

"Basi nenda kwenye mipangilio, rudisha upya mipangilio ya mtandao."

Nikafuata, kosa langu. Kurudisha upya mipangilio ya mtandao kunafuta kila Wi-Fi uliyowahi kuihifadhi na nywila zake, na vifaa vyote vya Bluetooth ulivyooanisha. Nilipoteza spika, spika za masikioni, na nywila ya Wi-Fi ya kaka yangu ambayo ina herufi ishirini na kitu na hakuna anayeikumbuka, hata yeye mwenyewe. Laini ya pili ikabaki vile vile, vijiti vinne na ukurasa mweupe. Nilipopiga mara ya pili alipokea kijana mwingine, akasikiliza nusu dakika, akasema, "Pole, kaka. Simu yako imechukua APN siyo. Nakutumia sahihi kwa meseji." Ikaja: jina, APN, na kwamba nafasi nyingine zote ziachwe tupu. Maneno mawili ya kuandika. Yamenichukua saa nzima.

Ukurasa wa kuongeza APN una visanduku vingi kuliko fomu ya mkopo: proksi, bandari, jina la mtumiaji, seva, MMSC, aina ya uthibitishaji, MCC na MNC (zile tarakimu za nchi na za kampuni), na vingine huko chini. Mara ya kwanza nilijaza nilivyotumiwa, halafu nikaona MNC ina tarakimu nisizozijua. Nikadhani simu imekosea, nikazibadilisha. Nikabonyeza vidoti vitatu juu, nikahifadhi, nikarudi kwenye orodha. APN yangu haipo. Nikaandika tena, nikahifadhi tena, haipo tena. Mara tatu! Kumbe simu inaonyesha zile APN tu ambazo MCC na MNC zake zinalingana na za laini iliyomo. Ukizigusa, unachohifadhi kinahifadhiwa kweli, ila kinafichwa. Ujumbe mmoja tu, "tarakimu hizi hazilingani na laini yako", ungeniokolea dakika arobaini. Hizo tarakimu simu huzijaza yenyewe, ziache.

Mara ya nne APN ikakaa kwenye orodha, nikaichagua, kile kitone cha pembeni kikawa cha bluu. Intaneti hakuna. Nikarudi ndani, nikasoma herufi kwa herufi, kila kitu sawa na meseji. Nikashika tama. Kilichonifungua macho ni kishale cha kuandikia: nilipogusa mwisho wa neno, kilisimama mbali kidogo na herufi ya mwisho. Kibodi ilikuwa imenipendekezea neno juu, mimi nikaligusa badala ya kulimalizia kuandika, nayo kama kawaida yake ikaweka nafasi baada ya neno. Nafasi tupu, haionekani, na kwa simu hiyo ni sehemu ya jina. Nikaifuta. Nikawasha hali ya ndege, nikaizima. Vishale viwili vidogo kando ya vijiti, cha kupanda na cha kushuka, vikaanza kupepesa, na ukurasa ukafunguka.

Nimekaa sana hapa kwa sababu hapa ndipo simu hii inapopoteza alama. Inakisia vizuri mno, na ikikosea inanyamaza.

Kwenye Wi-Fi mambo ni tofauti kabisa, utadhani imetengenezwa na watu wengine. Nywila inagawiwa kwa msimbo wa QR, mgeni anaskani anaingia. Inakuonyesha kama uko kwenye masafa ya gigahezi 2.4 au 5, kitu ambacho simu nyingi zinakificha. Kwangu tofauti naiona kwa macho: nikiwa chumba kimoja na ruta, 5 inakimbia, nikijifungia chumba cha mwisho, kuta mbili katikati, 5 inachoka na 2.4 inaendelea taratibu lakini inafika. Simu inahama yenyewe, na mara nyingi inahama wakati unaofaa.

Kwa kaka ilinikatalia. Nywila tumeipata, imebandikwa chini ya ruta, nimeiandika sawasawa, haiingii. Yeye ni mtu wa usalama. Ruta yake inaruhusu tu vifaa ambavyo anwani zake za MAC, namba za utambulisho za kila kifaa kwenye mtandao, amezisajili kwa mkono. Alisajili ile niliyomsomea kutoka kwenye ukurasa wa "Kuhusu simu". Ila tangu Android 10, iliyotoka mwaka 2019, simu haitoi anwani yake halisi. Inatunga nyingine kwa kila mtandao ili isifuatiliwe. Ni jambo jema, ila si kwenye ruta ya mtu kama kaka. Dawa ni kufungua maelezo ya mtandao wenyewe, sehemu ya faragha, na kuchagua kutumia MAC ya kifaa kwa mtandao huo peke yake. Sekunde tano. Kabla ya hapo tulikuwa tumebishana robo saa nani hajui kuandika.

Tukiwa kwenye faragha: kuna DNS ya faragha, yaani kuficha maswali ambayo simu inaiuliza seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, nayo Android inayo tangu toleo la 9. Nilitaka kuweka 1.1.1.1, namba ya seva mojawapo ya hizo, kitufe cha kuhifadhi kikakataa. Haitaki namba, inataka jina: one.one.one.one kwa hiyo, au dns.google ukipenda ya Google. Nilikosea herufi moja ya jina na intaneti yote ikasimama, Wi-Fi na data pia. Lakini angalia tofauti: hapa simu ilileta ujumbe kwamba haiwezi kuifikia seva ya DNS ya faragha. Nikajua pa kwenda, nikasahihisha. Kumbe ikitaka kusema inaweza.

Hotspoti ndiyo niliyoinunulia. Siku ya kwanza kompyuta yangu haikuiona kabisa, huku simu ya kaka inaiona. Kompyuta ni ya zamani, inasikia gigahezi 2.4 tu, na simu ilikuwa inarusha kwenye 5. Kuna kipengele cha kuongeza utangamano. Ukikiwasha inashuka 2.4 na kila kifaa kinaiona. Jambo la pili, hotspoti inajizima yenyewe isipopata kifaa kwa dakika chache. Nikitoka kidogo na kompyuta ikalala, nikirudi nakuta imezimika. Nimeondoa kujizima huko, sasa inashinda hewani, na inapata moto. Kwa kazi za siku nzima nimehamia kwenye waya wa USB: mtandao hautikisiki, simu inachajiwa humo humo, na hakuna anayeomba nywila. Ila ni lazima uwe waya wa kupitisha data. Mwanzoni nilichukua uliokuwa karibu, kumbe ni wa kuchajia tu. Kitufe cha kugawa mtandao kwa USB kikabaki cha kijivu mpaka nilipobadilisha waya.

Na hili la laini mbili msilisahau. Data yangu iko laini ya pili, watu wananipigia laini ya kwanza. Nikiwa kwenye kikao cha video, mama akapiga. Nikapokea kwa sauti ya chini, "Mama, nipo kikaoni, nakupigia baadaye." Hayo maneno machache yalitosha: kikao kiliganda, niliporudi wenzangu walikuwa wameshahamia ajenda nyingine. Laini zote mbili zinatumia redio moja, na laini moja ikiongea nyingine inangoja. Kwenye mipangilio ya laini kuna swichi ya kuruhusu data ihamie kwa muda kwenye laini inayoongea. Inakuja ikiwa imezimwa. Ukiiwasha hakikisha laini hiyo nayo ina bando, la sivyo itakula salio la kawaida huku ukiongea na mama.

Ya eSIM ni mafupi, kwa sababu ilienda vizuri. Unahitaji intaneti ya kushushia, na unahitaji skrini ya pili, maana huwezi kuskani msimbo ulio ndani ya simu hiyo hiyo kwa kamera yake. Nilioneshwa kwenye kompyuta, nikaskani, haikuzidi dakika mbili. Ukikosa skrini ya pili, mtoa huduma anaweza kukutumia ule msimbo kama maandishi, unaoanza na LPA:1$, ukauandika kwa mkono. Baada ya saa yangu na APN, mimi ningeuweka kwa kunakili na kubandika.

Hukumu yangu: nyota tatu na nusu kati ya tano. Wi-Fi na eSIM peke yake ningezipa nne na nusu. Hotspoti nne, ya waya. Ukurasa wa APN mbili, na mojawapo ni kwa sababu hatimaye ulikubali. Kama laini zako zote ni za kampuni zenye minara yake, nunua, huenda usiufungue ukurasa huo maisha yako yote. Kama unatumia laini ya kampuni inayopanga, omba APN kabla hujatoka dukani, na unapoiandika, yazime mapendekezo ya kibodi. Mimi nimeipiga picha ya skrini nikajitumia kwa barua pepe, maana sasisho la programu limeingia juzi na sijathubutu kulikubali.