Solver ya Excel kwa kutafuta r1 na r2: nyota 4 kati ya 5

Wakuu wa polima, kama bado mnapata r1 na r2 (namba zinazoonyesha kila monoma, yaani molekuli ndogo inayojenga polima, inapendelea kiasi gani kuungana na ya aina yake kuliko na ile nyingine) kwa mstari wa Fineman-Ross wa mwaka 1950, ile njia ya kuchora data ziwe mstari ulionyooka, nawaomba muache. Mi nilianza nao, sampuli 8 za monoma mbili, stairini na MMA (methili methakrileti), 60°C, konvesheni (kiasi cha monoma kilichogeuka polima) chini ya 5%, nikapata namba zangu vizuri tu, halafu nikageuza majina MMA ikawa monoma ya 1, data zilezile kabisa, jibu likawa lingine! Kile kitendo cha kunyoosha fomula iwe mstari kinazipa sampuli za pembeni sauti kubwa kuliko wenzake.

Basi nikahamia Solver, inakuja na Excel yenyewe unaiwasha tu. Safu ya kwanza f1, sehemu ya monoma ya 1 uliyoingiza kwenye chupa (f2 ni 1 - f1), ya pili F1, sehemu yake ndani ya polima uliyosoma kwenye NMR (mashine ya kupima muundo wa molekuli kwa sumaku), ya tatu fomula ya Mayo na Lewis ya 1944:

F1 = (r1f1² + f1f2) / (r1f1² + 2f1f2 + r2f2²)

Unatafuta tofauti kati ya F1 ya fomula na F1 ya NMR, unazipiga kipeo cha pili, unajumlisha, unaiambia Solver ipunguze hiyo jumla kwa kuchezesha r1 na r2. Nilianzia 1 na 1, nikarudia kwa 0.1 na 3, zote zikatua palepale, karibu kabisa na 0.52 na 0.46 za vitabuni. Na ukigeuza majina hapa jibu halibadiliki.

Nyota moja nimeitoa kwa sababu inakupa namba mbili tupu, haikwambii uziamini kiasi gani, hiyo kazi unaifanya mwenyewe. Tengeneza jedwali la r1 kwa r2, kila seli iwe na jumla yake, halafu paka rangi zote zisizozidi mara 2.7 ya ile ndogo kabisa (hiyo ni kwa sampuli 8, uhakika wa 95%). Umbo linalotokea ndo jibu lako la kweli. La kwangu lilikuwa refu na limelala, na sababu niliijua palepale, sampuli nyingi nilizirundika f1 ya 0.5, wakati Tidwell na Mortimer walishasema tangu 1965 pima f1 mbili tu na uzirudie, kwa stairini na MMA ni kama 0.2 na 0.8. Wiki ijayo narudi maabara na hizo mbili.